Wenye Mbao Wanapobisha Hodi Bungeni

Tumezoea kusema ya kuwa sheria hutungwa na wabunge. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kabla mswada haujasomwa, wapo waliokwisha kubisha hodi katika ofisi za wabunge, wakaeleza shida zao, wakaacha karatasi zao mezani na kuahidi kurudi. Juma hili twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi kazi hiyo ifanyikavyo. Tumechagua mfano wa wafanya biashara wa mbao ngumu wa Marekani, kwanza kwa kuwa mambo yao yameandikwa wazi, tena kwa kuwa yamegusa hata misitu yetu ya Kilwa.

Mbao ngumu za Marekani hutoka zaidi katika misitu ya mashariki ya nchi ile: mialoni, mijozi, na miti mingine itumikayo kwa sakafu, makabati na meza. Sehemu kubwa ya misitu hiyo si mali ya serikali wala ya makampuni makubwa, bali ni mali ya jamaa na watu binafsi. Viwanda vingi vya kupasulia mbao navyo ni vidogo, na vingine hurithiwa na mtoto kutoka kwa baba yake. Mwenye kiwanda kimoja milimani hana sauti ya kufika Washington. Kwa hiyo vyama vyao viliungana, na mwaka 2004 likaundwa Hardwood Federation, yaani shirikisho la kuwasemea mbele ya Bunge liitwalo Congress na mbele ya serikali. Wenye viwanda huacha misumeno yao siku chache, wakaenda kwa pamoja kuonana na wabunge wa majimbo yao.

Je, jambo hilo ni halali? Ndiyo. Tangu mwaka 1791 Katiba yao huwapa raia haki ya kuipelekea serikali maombi na malalamiko yao. Sheria ya mwaka 1995 humtaka mshawishi alipwaye mshahara ajiandikishe, na fedha zitumikazo zitangazwe, ili kila mtu apate kuzisoma. Tena tangu mwaka 1907 kampuni imekatazwa kutoa fedha zake kwa wagombea wa viti vya taifa. Lakini hapo pana mlango wa pembeni. Watu wa biashara hiyo waweza kuchanga kwa hiari katika mfuko maalum, na mfuko huo waweza kumpa mgombea hadi dola 5,000 kwa kila uchaguzi. Twasema wazi ya kuwa sehemu hii haitupendezi. Si lazima mbunge auze kura yake. Yatosha mwenye mfuko asikilizwe Jumatatu, na asiye nao apewe barua ya karani.

Hata hivyo, asidhani msomaji ya kuwa kila aombalo mfanya biashara ni baya. Iko sheria ya Marekani ya mwaka 1900 iitwayo Lacey, kwa jina la mbunge John Lacey wa Iowa. Kwanza ililenga ndege na wanyama waliowindwa kinyume cha sheria. Mwaka 2007 Seneta Ron Wyden na mbunge Earl Blumenauer, wote wawili wa Oregon, walileta miswada ya kuipanua ihusu miti na mbao zilizoibwa katika nchi yo yote. Ndipo ukaonekana umoja ambao wengi hawakuutazamia: watetezi wa mazingira, vyama vya wafanya kazi, na hao hao wenye viwanda vya mbao wakasimama upande mmoja. Mei 2008 ikawa sheria. Marekani ikawa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku biashara ya mbao zilizokatwa kinyume cha sheria ya nchi zilikotoka. Mwagizaji sasa hutakiwa kutaja aina ya mti, nchi ulikokatwa, kiasi na thamani yake, tena achunguze kwa uangalifu unaostahili.

Je, wenye viwanda walisukumwa na huruma kwa misitu ya wageni? Tusijidanganye. Mwaka 2004 chama kikubwa cha viwanda vya mbao na karatasi cha Marekani kilikuwa kimefanyiza uchunguzi, nao ukakisia ya kuwa mbao za wizi huteremsha bei ya dunia kwa asilimia 7 hadi 16, na kuwapotezea Wamarekani dola milioni 460 hivi kila mwaka katika mauzo ya nje. Mwizi halipi ushuru wala kodi ya msitu, naye huuza rahisi. Hapa faida ya mfanya biashara na haki ya maskini viliandamana njia moja. Twashukuru vilipoandamana, lakini hatudhani ya kuwa vitaandamana siku zote.

Na sheria ilikuwa na meno. Mwaka 2009 maofisa waliingia katika kiwanda cha magitaa cha Gibson, mjini Nashville, kwa ajili ya abunusi ya Madagaska. Mwaka 2011 wakarudi kwa ajili ya mbao za Uhindi. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola 300,000 za adhabu, na 50,000 nyingine kwa kazi ya hifadhi. Makelele yakawa makubwa. Uliletwa mswada wa kuilegeza sheria, ila haukupata kuwa sheria. Mwaka 2016 kampuni ya sakafu, Lumber Liquidators, ilihukumiwa kulipa zaidi ya dola milioni 13 kwa mambo yaliyohusu mialoni ya mashariki ya mbali ya Urusi.

Mambo mengine yao hayakuwa mepesi hivyo. Katika mbao za plaiwudi ngumu, wenye viwanda wa Marekani waliomba ushuru juu ya plaiwudi ya China. Mwaka 2013 walishindwa, mwaka 2018 wakafaulu, na ushuru mmoja ukapita asilimia 180. Waagizaji walipinga vikali. Ndivyo ilivyo: mwenye kuuza plaiwudi na mwenye kuinunua ili atengeneze makabati hawaombi jambo moja. Na katika vita vya ushuru vilivyoanza mwaka huo huo, China ilizitoza mbao ngumu za Marekani, wenye misumeno wakaumia.

Kisha liko jambo la kuni na moshi. Shirikisho hili limewaomba wabunge wakubali ya kuwa nishati itokayo katika miti haiongezi hewa ya ukaa, kwa kuwa mti hukua tena. Kwa maganda na vumbi la mbao, ambavyo kiwanda huchoma ili kukausha mbao zake, hoja ina uzito, maana vingeoza vivyo hivyo. Lakini kwa mti mzima uliokatwa uchomwe, moshi hutoka leo, na mti wa kurudisha hewa ile huhitaji miaka mingi. Wataalamu wengi wamelipinga dai hilo. Hapa twaona ombi limekwenda mbele kuliko ushahidi.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitangaza uchunguzi wake juu ya magogo ya kusini mwa Tanzania. Lilikuta ya kuwa vitabu vya China vilionyesha mbao kutoka kwetu mara kumi kuliko zile zilizoandikwa katika vitabu vyetu vya mauzo, nalo likakisia hasara ya taifa kuwa dola milioni 58 kwa mwaka. Hivyo wizi ule uliowaudhi wenye viwanda wa Marekani ndio uliomwibia mwanakijiji wa Rufiji na Kilwa. Tofauti ni kwamba wale walikuwa na ofisi Washington.

Mpingo wetu nao umepita katika mabaraza. Mwaka 2016, huko Johannesburg, mataifa yaliamua ya kuwa jamii yote ya mti huo isivuke mipaka bila kibali. Watengeneza ala za muziki, ambao hufanya klarineti na zumari kwa mpingo, hawakukaa kimya. Walieleza shida ya vibali kwa kila ala na kwa kila mpiga muziki asafiriye, na mwaka 2019 huko Geneva ala zilizokwisha kutengenezwa zikasamehewa. Kwa maoni yetu neno lao lilikuwa la haki, kwani klarineti moja haimalizi msitu. Lakini gogo likingali lahitaji kibali, na gogo ndilo auzalo mwanakijiji.

Hata hivyo wanakijiji hawakukosa njia. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuulinda na kupokea fedha zake. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, ilipata cheti cha kimataifa cha msitu utunzwao vema. Huko kamati ya maliasili hupima miti, na mkutano wa kijiji hunena ni mipingo mingapi ikatwe na fedha zitumikeje.