Kiharusi: Usimwache alale tu

MKAZI wa Mukuru kwa Reuben anayepatwa na kiharusi usiku hubebwa na majirani kupitia vichochoro hadi mahali gari linapoweza kufika. Akifika hospitalini akiwa bado anazungumza, jamaa hushusha pumzi wakidhani hatari imepita. Sivyo. Baadhi ya wagonjwa huzidiwa ndani ya siku tatu za kwanza.

Mkono uliokuwa na nguvu kidogo hulegea kabisa, maneno hupotea au mgonjwa husinzia asiamshike kwa urahisi. Mara nyingi anayeketi kando ya kitanda husema, “Amechoka, mwacheni alale.” Kauli hiyo yaweza kumgharimu mgonjwa maisha.

Kwa nini huzidiwa?

Kiharusi ni cha aina mbili. Cha kwanza hutokana na damu iliyoganda kuziba mshipa wa ubongo. Donge hilo laweza kukua, au ubongo ukafura, hasa kati ya siku ya pili na ya tano. Cha pili hutokana na mshipa kupasuka, na damu yaweza kuendelea kuvuja katika saa za mwanzo. Ni picha ya skani inayotofautisha aina hizi. Kwa hivyo usimpe mgonjwa aspirini nyumbani.

Nani wa kuchungwa zaidi?

Hakuna kipimo kimoja kinachotabiri kwa hakika. Lakini hatari ni kubwa zaidi kwa aliyefika akiwa amepooza sana, aliyezibwa mshipa mkubwa, au mwenye sukari nyingi katika damu. Presha iliyopanda mno pia ni ishara mbaya, hasa damu ikiwa inavuja.

Wauguzi hupima fahamu kwa kipimo cha Glasgow, kinachotumika tangu 1974. Alama ya juu ni 15 na ya chini ni 3. Alama zikishuka kwa mbili, daktari aitwe mara moja. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba wauguzi wakidhibiti homa, sukari na matatizo ya kumeza katika siku tatu za kwanza, wagonjwa wengi zaidi huishi na kujitegemea.

Jamaa wafanye nini?

• Kumbukeni saa ambayo mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu.

• Dalili zikitoweka mkiwa njiani, msirudi nyumbani. Kiharusi kikubwa chaweza kufuata siku hiyo hiyo au kesho yake.

• Msimpe uji wala maji kabla muuguzi hajapima kama anaweza kumeza. Chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia.

• Kila mnapomtembelea, mwambieni ataje jina lake na ainue mikono yote miwili. Mkiona amepungukiwa kuliko awali, mwiteni muuguzi papo hapo.

Muuguzi ana wagonjwa wengi wa kuangalia. Wewe una mmoja, na unajua alivyokuwa jana.