Waya, Chupa ya Maji na Ndege Kuukuu

Kwenye mkono wa kiti changu palikuwa na kijisanduku cha majivu ya sigara, kimepigwa skurubu kisifunguke tena. Skrini iliyokuwa mbele yangu ilikuwa imekufa. Kiti chenyewe kilikataa kulala, ilhali cha mbele yangu kililala vizuri sana, juu ya magoti yangu. Shangazi, aliyekaa dirishani, alikigonga kile kijisanduku kwa ukucha, akaniuliza kwa sauti iliyosikika safu tatu za mbele: "Ndege hii na wewe, nani mkubwa?"

"Tu marika," nikamjibu.

Sisi wa Homa Bay shangazi tunamwita waya. Huyu wangu ameolewa Migori, anauza nafaka, na hajawahi kukubali jambo kwa kuambiwa tu. Tulikuwa tumetoka Nairobi usiku kwenda London, daraja la kawaida, saa nane na nusu hivi za kukaa. Swali lake la pili ndilo lililotupa kazi hadi karibu na alfajiri: "Bati likizeeka linatoboka. Hili lililotushikilia juu hapa, kwa nini lisitoboke?"

Tukaanzia chini kabisa, kwenye hewa yenyewe.

Hewa ina uzito. Ukisimama ufuoni Mombasa, juu ya kila mita moja mraba ya mchanga kuna nguzo ya hewa yenye uzito wa takriban tani 10. Haitupondi kwa sababu hewa iliyo ndani yetu nayo inasukuma nje kwa nguvu ileile. Ukipanda, unaacha sehemu ya ile nguzo chini yako, na inayobaki juu yako ni nyepesi zaidi. Homa Bay mjini, kando ya ziwa, tayari tuko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo nguzo yetu ni ya tani 9 hivi. Kule juu, kimo cha mita 10,700 ambako ndege hizi husafiri, imebaki tani 2 na nusu tu. Mtu akiachwa katika hewa hiyo bila msaada, hana hata dakika moja kamili ya kujitambua.

Basi ndege hujazwa upepo, kama tyubu ya baiskeli. Hewa husindikwa kwenye injini na kuingizwa ndani, nayo valvu iliyo upande wa nyuma huitoa kidogo kidogo ili presha isipite kiasi. (Waya alicheka kusikia kwamba ndege nayo ina presha. Yeye anameza dawa za presha kila asubuhi.)

Lakini haijazwi mpaka ifike hewa ya Mombasa. Kanuni za utengenezaji wa ndege za abiria zinataka hewa ya ndani isiwe nyepesi kuliko ile ya kimo cha futi 8,000, yaani karibu mita 2,400, na ndege nyingi za zamani hukaa karibu na mpaka huo. Kimo hicho si kigeni kwa mtu wa kwetu. Basi la usiku kutoka Migori, likishapita Narok na kupanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, hupita mita 2,200. Masikio yanaziba, unameza mate, yanafunguka. Tofauti ni kwamba dereva wa basi hushuka baada ya muda mfupi, na rubani anakuweka pale usiku kucha. Na hapa sisi wa ziwani tuna nafuu ndogo: Mmombasa akiingia katika hewa hiyo anapoteza karibu robo ya oksijeni aliyoizoea, mtu wa Homa Bay anapoteza kama asilimia 14 tu. Ule uchovu wa ajabu unaoshuka nao kwenye ndege, ingawa hukufanya kazi yoyote, sehemu yake inatoka hapo. Sehemu nyingine ni ukavu, maana hewa ya nje yenye baridi ya chini ya nyuzi 50 hasi haina unyevu wa kutosha hata kulowesha ulimi. Nyingine ni miguu, ambayo hurudisha damu juu vizuri pale misuli ya mashavu yake inapokazwa. Inuka utembee. Basi.

Kwa nini wasiongeze upepo, basi, tustarehe? Hapo ndipo penye jibu la swali la Waya.

Ndani tuna hewa ya takriban tani 7 na robo tatu kwa kila mita mraba, nje tani 2 na nusu. Tofauti, tani 5 na ushei, inabebwa na ganda la ndege. Kioo cha dirisha alilokuwa ameegemea Waya kina upana wa sentimeta 25 hivi na urefu wa 35. Piga hesabu, utapata zaidi ya kilo 450. Kwa lugha ya biashara yake, ni magunia matano ya mahindi, ya kilo 90 kila moja, yaliyolalia kioo kutoka ndani. Alijitoa dirishani polepole.

Sasa ganda. Chukua kipande cha ndege kama pete, chenye urefu wa sentimeta 1 tu, na ndege yenye upana wa mita 6. Ipasue pete hiyo katikati kwa mawazo. Hewa inasukuma nusu mbili ziachane, ikilalia eneo la sentimeta 1 kwa 600. Hiyo ni karibu kilo 320, na wa kuzizuia ni kingo mbili tu za bati, kushoto na kulia. Kila ukingo, kwa kila sentimeta moja ya urefu wa ndege, unavutwa kwa kilo 160. Upande wa pili wa hesabu, yaani hewa inayotaka kung'oa pua na mkia, unatoa nusu ya nguvu hiyo. Ndiyo maana smoki ikizidi moto kwenye kikaango hupasuka kwa urefu, haikatiki vipande. Na bati lenyewe, sehemu nyingi, ni la milimita chache.

Kuvutwa kwa kilo 160 bado si tatizo. Bati hilo lina nguvu ya kutosha. Tatizo ni kuvutwa na kuachiwa, kuvutwa na kuachiwa. Kila safari ndege hujaa ikipanda, hunywea ikishuka. Chukua waya (wa kufungia nondo, si shangazi) uukunje mara moja: hauna habari. Ukunje na kuunyoosha palepale mara ishirini, unakatika mkononi, tena bila nguvu. Ndani ya metali ufa mdogo usioonekana kwa macho huanza, kisha kila mkunjo huusogeza mbele kidogo. Wahandisi huuita uchovu wa metali, na uchovu huo hauponi kwa kupumzika.

Ulimwengu ulijifunza hilo kwa uchungu, na somo lilipita ng'ambo ya ziwa letu. Tarehe 2 Mei 1952, ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa ratiba ya kibiashara, Comet ya Uingereza yenye usajili G-ALYP, iliondoka London kwenda Johannesburg, ikitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Tarehe 10 Januari 1954, ndege ileile ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia. Watu 35 walikufa. Aprili mwaka huohuo nyingine ikaanguka karibu na Naples. Wahandisi huko Farnborough wakalizamisha ganda zima la Comet nyingine ndani ya tangi, wakawa wanalijaza na kulipunguza maji kwa presha, safari baada ya safari ya kuigiza, mpaka ganda likapasuka. Ufa ulianzia kwenye kona ya tundu lililokatwa kwenye bati, mahali ambapo nguvu, ikikosa njia ya kupita, hujikusanya. Angalia madirisha ya ndege yoyote leo: kona zake zimeviringwa.

Nilimwomba Waya azingatie umri. Ile Comet ilikuwa na miaka mitatu. Mpya. Lakini ilikuwa imejazwa upepo na kunywea karibu mara 1,300, na ganda lake halikuwa limeundwa kustahimili hivyo. Ndege haizeeki kwa kalenda peke yake, ijapokuwa kutu nayo ina kalenda yake. Inazeeka kwa pumzi. Inayokwenda Kisumu na kurudi Nairobi mara tatu kwa siku hupumua mara sita. Hii yetu ya London hupumua mara mbili, siku ikiwa nzuri, na kwa miaka 25 haitafikisha pumzi 20,000. Boeing 737 iliyong'oka paa juu ya Hawaii tarehe 28 Aprili 1988, ikamuua mhudumu mmoja, ilikuwa na miaka 19, lakini ikirukaruka kati ya visiwa ilikuwa imefanya safari 89,680, tena katika hewa ya chumvi.

"Na wakiuona ufa?" akauliza.

Hubadilisha bati, au huweka kiraka kwa ribiti. Na pale panaporuhusiwa, kwa muda, hutoboa kitundu cha mviringo kwenye ncha ya ufa. Nguvu iliyokuwa imejikusanya kwenye ncha kali kama wembe hujikuta imetawanyika kwenye duara, na ufa hukwama.

Waya alininyamazia. Kisha akacheka mpaka mhudumu akageuka. Beseni lake la kupimia maharagwe lilipasuka mwaka jana, na fundi mmoja wa sokoni Migori, kabla ya kulishona, alipasha msumari moto, akatoboa tundu pale ufa unapoishia. Waya alikuwa amegombana naye: beseni limetoboka, naye anaongeza tundu! Alimlipa nusu.

Tulipoanza kushuka, alikuwa amekunywa maji yake yote na kuifunga chupa kule juu. Ardhini London aliitoa mkobani. Ilikuwa imenywea, mbavu zake zimegusana, kana kwamba kuna mtu ameikanyaga. Akaizungusha kifuniko. Ikavuta hewa, fyuu, ikajinyoosha.

"Bado nina deni la yule fundi," akasema.