Kompyuta mbili, foleni ndefu

SWALI: Natunza maktaba ndogo ya jamii hapa Mamba, wilayani Same. Kompyuta ni mbili tu. Wengine wanaomba kazi, wengine wanatazama mpira. Je, nipige marufuku matumizi binafsi?

JIBU: Hapana. Kuomba mkopo wa HESLB, kutafuta kazi au kuangalia matokeo ya NECTA ni mambo binafsi, na yanamwokoa mtu nauli ya kushuka Same mjini. Wewe panga muda: dakika 30 kwa kila mtu pakiwa na foleni, na msimu wa maombi ya mikopo, waombaji watangulie. Mpira utazamwe kwa visikizio, pasipo na anayesubiri, bando likiruhusu.

Kataza kabisa utapeli na kusambaza ponografia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaviadhibu. Kwenye daftari la zamu andika jina na saa, basi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haitaki ukusanye usivyovihitaji. Kila anayeondoka atoke kwenye akaunti yake na kufuta nakala za vyeti na kitambulisho cha NIDA alizopakua.

Kanuni zisizidi tano. Zibandike ukutani, na zikubane hata wewe.