Bati au Turubai? Paa la Gari la Porini kwa Mkazi wa Tabora

Anayenunua gari la porini hukagua injini, gia na matairi mpaka jasho limtoke. Paa halitazami. Kisha Novemba inaingia, mvua ya kwanza inapiga, na mwenye gari wa Kanyenye anakuta kiti cha nyuma kimelowa chapa na gunia la sukari aliloliweka hapo limeanza kuvuja. Makala haya ni ya yule ambaye bado hajanunua, au amekwisha kununua na anafikiria kubadilisha.

Tuelewane kwanza. Gari la porini ni lile ambalo injini yake inaweza kuzungusha magurudumu yote manne kwa pamoja: Land Cruiser, Land Rover, Suzuki ndogo na nduguze. Paa gumu, ambalo mafundi wetu huliita hadtopu, ni la bati, aluminiamu au faiba, na limefungwa kwa bolti au kuchomelewa kwenye bodi. Paa laini ni turubai lililovikwa juu ya fremu ya mabomba, ambalo unaweza kulikunja au kulivua kabisa. Na turubai si jambo geni. Land Rover ya kwanza kabisa ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948 ilikuwa ya turubai, na wazee wengi bado wanazikumbuka Land Rover 109 za turubai zilivyokuwa zikipeleka watumishi wa serikali vijijini.

Swali la kwanza la kujiuliza, kabla hata ya bei, ni hili: gari litalala wapi? Kama una uzio, geti na mtu wa kuangalia usiku, unaweza kuendelea kufikiria turubai. Kama gari linalala barabarani mbele ya nyumba, au utaliacha stendi ukashughulike sokoni, basi jua kwamba turubai hufunguliwa kwa wembe wa shilingi chache, kimyakimya, na mwizi hahitaji kuvunja kioo. Kufuli la mlango halina maana ikiwa ukuta ni kitambaa. Wenye magari ya turubai wanaojua kazi yao huchomelea sanduku la chuma sakafuni, wakalitia kufuli, na humo ndimo wanamoweka jeki, spana, nyaraka na simu ya akiba. Ukiamua kuchukua turubai, weka gharama ya sanduku hilo kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Swali la pili: nyuma utapakia nini? Abiria na watoto wanataka paa gumu, sina la kuongeza hapo. Lakini mzigo una tabia zake. Marobota ya tumbaku, magunia ya mpunga na mizinga ya nyuki ni vitu virefu au vipana, na turubai linalofunguka pande zote hukuruhusu kupakia kwa ubavu badala ya kusukumiza kila kitu kupitia mlango mmoja wa nyuma. Asali nayo ni habari nyingine. Warina asali wanajua kwamba nyuki huifuata harufu ya masega, na wachache hupanda gari pamoja na ndoo. Ndani ya gari la bati lililofungwa, nyuki watano tu wanatosha kumfanya dereva aache usukani. Ukiwa na turubai unakunja pembeni, wanatoka. Ukiwa na hadtopu, hakikisha ndoo zina mifuniko inayobana na zimefutwa nje, na ikiwezekana kuwe na ukuta kati ya dereva na mzigo.

Sasa mbung'o, au ndorobo kama wengi wanavyowaita. Hapa ndipo Tabora inapotofautiana na Dar es Salaam au Unguja, ambako mtu anaendesha Suzuki isiyo na paa na kufurahia upepo. Anayekwenda pori la Ugalla, ambako kuna Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla iliyotangazwa mwaka 2019, au anayekatiza misitu ya miombo kuelekea Inyonga, atafuatwa na mbung'o. Mdudu huyu huvutwa na kitu kikubwa kinachotembea, na gari ni kitu kikubwa kinachotembea. Anang'ata mchana, hupenyeza mdomo kwenye nguo nyepesi, na dawa nyingi za kupaka zinazofukuza mbu hazimsumbui sana. Hadtopu yenye vioo vinavyopanda mpaka juu humzuia. Turubai huacha matundu kwenye zipu, kwenye kona za mlango na pale kitambaa kinapopigapiga kwa upepo, na mbung'o akishaingia hatoki kwa hiari yake.

Si kila mbung'o ana maradhi, lakini wapo wanaoeneza malale, na Urambo ni miongoni mwa maeneo yaliyowahi kuwa na wagonjwa. Ukipata homa, kichwa kuuma, au uvimbe mahali ulipong'atwa baada ya safari ya porini, nenda hospitali na useme wazi kwamba uling'atwa na mbung'o. Usipolitaja, utapimwa malaria na kurudishwa nyumbani. Malale yasiyotibiwa huua.

Na kama umeshaamua turubai, chagua rangi. Mbung'o hupenda buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego ya kuwanasia hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Maturubai mengi ya bei nafuu madukani ni ya buluu. Yaache yafunike matofali. Gari livike kaki au rangi ya mchanga.

Vumbi je? Kati ya Juni na Oktoba barabara zetu za udongo ni unga mtupu, na watu wengi hudhani vumbi huingia kwa mbele. Sivyo. Gari likikimbia, nyuma yake hewa hubaki pungufu, na upungufu huo hulinyonya vumbi liingie kupitia kila tundu la nyuma. Kwa hiyo kosa kubwa la mwenye turubai ni kukunja pazia la nyuma peke yake ili apate upepo. Atafika aendako akiwa na nyusi nyekundu. Ama funga pande zote, ama fungua zote, mbele, nyuma na ubavuni, hewa ipite moja kwa moja. Mwenye hadtopu naye afunge vioo vya nyuma, kisha awashe feni ya mbele ikiingiza hewa ya nje. Hewa ikijaa ndani, hulisukuma vumbi nje kwenye matundu madogo.

Kuhusu joto, bati bila kitambaa cha ndani huwaka kama kikaango mwezi wa Oktoba. Rangi nyeupe juu na bitana ndani hupunguza sana. Turubai la plastiki nzito nalo hupika. Kanvasi ya pamba ndiyo inayopumua.

Wauzaji watakuambia kwamba gari la turubai ni jepesi, kwa hiyo halizami kwenye tope la mbuga kama lile la Wembere. Kuna ukweli, lakini kidogo. Tofauti ya uzito mara nyingi ni ya abiria mmoja au wawili, na tairi zuri pamoja na dereva mwenye subira vitakusaidia zaidi. Uzito unaodhuru ni ule unaowekwa juu ya hadtopu: keria iliyojaa magunia hupandisha juu uzito wa gari mpaka likapinduka kwenye kona ya kawaida. Soma kitabu cha gari ujue paa linabeba kilo ngapi. Suzuki Jimny mpya, kwa mfano, imeruhusiwa kilo 30 tu, keria yenyewe ikiwemo.

Usidanganyike pia kwamba paa gumu litakuokoa gari likipinduka. La faiba hupasuka, la bati jembamba hukunjika. Kinachookoa ni nguzo nene za chuma zilizofungwa kwenye sakafu na kupinda juu ya vichwa vya abiria, pamoja na mikanda. Gari la turubai lisilo na nguzo hizo mimi nisingempandisha mtoto. Hata viti virefu vya ubavuni, vile ambavyo abiria hukaa wakitazamana, vinahitaji mikanda. Bila hiyo, breki moja ya ghafla inawarundika watu wote mbele.

Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikuwa na jibu lake kwa swali hili la paa: ikifika huku Unyanyembe, wakubwa walikaa kwenye tembe zenye paa zito la udongo, kama ile ya Kwihara alimokaa Livingstone mwaka 1872, na ikiondoka, ilibeba mahema. Kwa gari, jibu linalokaribia hilo ni pikapu: kabini ya bati kwa watu, turubai juu ya fremu kwa mzigo. Kwa mkulima au mrina asali wa mkoa huu nadhani hilo ndilo chaguo bora. Kwa familia yenye gari moja, chukua hadtopu. Turubai tupu libaki kwa mwenye gari la pili, la shamba tu, lenye mahali salama pa kulala.

Ukienda kukagua hadtopu iliyotumika, beba vitu vitatu: sumaku, noti na tochi. Sumaku ya spika bovu inatosha. Ipitishe kwenye mifereji ya maji iliyo ukingoni mwa paa, chini ya vioo na kwenye kona. Ikishika vizuri kisha ghafla ikateleza, pale pana puti, yaani lile lipu la kuzibia kutu, na chini yake bati limekwisha. Ila kumbuka sumaku haishiki aluminiamu ya Land Rover wala paa la faiba la Land Cruiser za zamani aina ya 40. Hizo zikague kwa macho, ukitafuta nyufa na rangi iliyofura. Noti ifungie kwenye mlango, nusu ndani nusu nje, kisha ivute. Ikitoka bila kubanwa, mpira wa mlango umechoka. Tochi ni ya usiku: mtu akae ndani amulike pembe zote, wewe zunguka nje. Panapotoka mwanga, patapita maji na vumbi.

Turubai lililotumika likague kwenye mishono, siyo katikati ya kitambaa. Vuta kwa mikono miwili. Uzi uliopigwa na jua hukatika kwa mlio mdogo. Nusa upande wa ndani: harufu ya ukungu inamaanisha lilikunjwa likiwa bichi, na kanvasi ya namna hiyo huchanika kama karatasi. Dirisha la plastiki likiwa la njano na gumu, hesabu kwamba utalibadilisha. Jipya nalo usilifute vumbi likiwa kavu, utalikwaruza. Limwagie maji kwanza, kisha sabuni laini.

Gharama unaweza kuikisia mwenyewe kwa futi kamba. Tuseme fremu ya pikapu ina urefu wa mita 2, upana mita 1.6 na kimo mita 1.2. Pande mbili, mbele, nyuma na juu zinafika karibu mita 12 za mraba. Ongeza mbili za mikunjo na mishono, zinakuwa 14. Jora lenye upana wa mita 2 utalinunua urefu wa mita 7. Chukua bei ya mita moja kwenye maduka matatu, zidisha, kisha ongeza fundi wa kuchomelea fremu, fundi wa viti vya magari atakayeshona, macho ya chuma ya kupitishia kamba, na zipu. Fremu iwe na upinde juu, maji yasituame. Kinyume chake, kubadilisha gari la turubai liwe hadtopu ni ghali na kunachosha: vioo, bawaba na mipira hutafutwa kimoja kimoja, mara nyingi Dar es Salaam. Ni nafuu kununua gari ambalo tayari linayo.

Anayetaka kuagiza gari dogo la turubai kutoka Japani akumbuke kwamba mengi ni ya miaka ya 1990, na TRA hutoza ushuru wa uchakavu, ambao kwa gari la abiria lililozidi miaka 10 umekuwa asilimia 30 juu ya kodi nyingine. Tumia kikokotoo cha tovuti ya TRA kabla ya kutuma pesa. Na ukibadilisha aina ya bodi, peleka taarifa TRA kadi irekebishwe, kisha mwambie wakala wa bima; gari lisilofanana na kadi yake hukupa taabu siku ya ajali.

Kwa fundi, lipa nusu mwanzoni na uandikiane vipimo, rangi, aina ya uzi na siku ya kumaliza. Mshono uwe wa mistari miwili, na ukingo wa juu ulalie ule wa chini ukielekea nyuma, upepo usiufunue. Nusu ya pili itolewe baada ya gari kupigwa maji ya mpira kwa dakika 10, wewe ukiwa umekaa ndani.