Kutunza ni Kuhamisha: Somo Kuhusu Mafaili Yetu



Leo tuongelee vitu tunavyotembea navyo kwenye simu: picha za kipaimara, sauti za wazee wetu, nyimbo za kwaya tulizorekodi wenyewe, vyeti tulivyovipiga picha. Tunasema tumevitunza. Swali langu ni hili: baada ya miaka 20, nani ataweza kuvifungua?

1. Kitu kinaweza kuwepo na kisisomeke

Mwaka 1086 Waingereza waliandika orodha kubwa ya ardhi na mali za nchi yao, iitwayo Domesday Book. Waliiandika kwa mkono juu ya ngozi, na mpaka leo inasomeka. Mwaka 1986, katika kuadhimisha miaka 900, BBC ikaandaa toleo jipya: picha na maelezo ya maisha ya watu, mengine yakikusanywa na wanafunzi wa shule, yote kwenye diski za leza. Haikupita hata miaka 20, mashine za kuzisoma zikawa adimu, ikabidi wataalamu wafanye kazi maalumu ya kuyaokoa yaliyomo. Diski zilikuwepo. Kilichokosekana ni cha kuzisomea.

2. Maada na umbo

Mtanivumilia kidogo, falsafa haijanitoka. Aristotle alifundisha kwamba vitu tunavyoviona vina maada na umbo. Kwenye sanamu ya shaba, shaba ni maada na sura ni umbo. Sasa chukua fleshi yako: plastiki na chuma ni maada, picha iliyomo ni umbo. Maada huchakaa. CD huchubuka, na hata fleshi iliyofungiwa kabatini miaka mingi inaweza kupoteza data taratibu. Lakini umbo la faili lina bahati ambayo sanamu haina: unaweza kulihamishia kwenye maada nyingine bila kupoteza hata chembe.

Hapo ndo penyewe. Wengi wetu tunatunza fleshi tukidhani tunatunza picha. Faili halitunzwi kwa kuwekwa mahali. Linatunzwa kwa kuhamishwa kabla chombo chake hakijafa.

Tena kuna suala la lugha. Sauti ya marehemu bibi yangu akisimulia ukoo wetu ilirekodiwa kwa simu ya vitufe, ikawa faili la aina ya AMR. Simu ilikufa, memori kadi ikapona, ila simu mpya ya binamu yangu haikulitambua faili lile. Tulilifungua kwenye kompyuta kwa programu ya VLC, tukatengeneza nakala ya WAV, na lile la kwanza tukaliacha kama lilivyo. Tungesubiri miaka mingine 10, sijui.

Maktaba ya Vatikano nayo imelifikiria jambo hili. Kwa picha za miswada yake ya kale imechagua muundo wa FITS, uliobuniwa na wanaastronomia mwishoni mwa miaka ya 1970. Muundo huo uko wazi kwa wote, maelezo yake yamechapishwa, na haumilikiwi na kampuni moja inayoweza kufungwa kesho.

3. "Wingu" haliko mbinguni

Wingu ni kompyuta za watu wengine. Machi 2019 MySpace ilikiri kwamba nyimbo na picha zilizopakiwa humo kwa zaidi ya miaka 10 zilipotea wakati wa kuhamisha data. Mwezi uliofuata Google+ ikafungwa. Na akaunti binafsi ya Google isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa na vyote vilivyomo. WhatsApp nayo, kwa kawaida, hubana picha unapoituma. Ni tarishi mzuri, ila si ghala.

4. Tufanye nini?

- Chagua. Huwezi kutunza picha 8,000. Anza na zile ambazo zikipotea utalia.
- Nakala 3. Ziwe kwenye vyombo vya aina 2, na moja ikae nje ya nyumbani. Mwizi au moto haubagui.
- Tumia miundo inayojulikana kote: JPEG kwa picha, PDF kwa vyeti, WAV au MP3 kwa sauti.
- Andika majina. "IMG_0047" haimwambii mtu kitu. "2016 Pasaka, bibi na wajukuu" inamwambia.
- Fungua na uhamishe kila mwaka. Mimi nimechagua Novemba, mwezi tunaowaombea marehemu. Nafungua mafaili, nasikiliza kama bado yanaongea, nahamisha yaliyo kwenye chombo kilichozeeka.
- Mwambie mtu. Ndugu mmoja unayemwamini ajue yako wapi na yanafunguliwaje.

Kazi ya wiki hii

Tafuta faili moja la zamani kuliko yote uliyonayo. Je, linafunguka? Liko sehemu ngapi? Kama ni sauti au picha ya mzee ambaye bado yuko hai, kaa naye akutajie majina ya waliomo, uyaandike. Hilo hakuna programu itakayokufanyia baadaye.

Tuko pamoja. Mungu awabariki.