Gari Linaposita: Lipimwe Kabla ya Kununua Sensa

Dereva hukanyaga mafuta, injini ikakawia kwa nukta moja au mbili, kisha gari likaruka mbele kwa ghafla. Huko ndiko kusita tunakokuzungumzia katika somo hili. Kwa mkazi wa Itaka aendaye Vwawa au Tunduma, akalazimika kuyapita malori ya Zambia katika barabara kuu, nukta hizo mbili zaweza kugharimu maisha. Gari linalosita lisitumiwe kupita jingine hadi chanzo kijulikane.

Injini ya petroli huhitaji hewa, mafuta na cheche, kila kimoja kwa kipimo na wakati wake. Katika magari ya sasa kipimo hicho hupangwa na kompyuta ya gari. Kompyuta hiyo haina macho. Huambiwa mambo na vihisi, ambavyo mafundi huviita sensa (neno lisilohusiana hapa na kuhesabu watu). Kimoja hupima hewa inayoingia, kingine hueleza throtoli imefunguka kiasi gani, kingine hupima joto la maji ya injini, na kingine oksijeni iliyobaki katika moshi. Kihisi cha hewa kikipeleka taarifa pungufu, kompyuta hupunguza mafuta, na injini hukosa nguvu palepale inapoihitaji. Gari likisita asubuhi za baridi tu, kisha likatulia likipata moto, kihisi cha joto kinastahili kushukiwa mapema.

Hata hivyo, si kila uzito wa gari ni ugonjwa. Sehemu kubwa ya uwanda wa Mbozi ipo zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Gari lililotoka Dar es Salaam litaonekana zito hapa hata likiwa salama. Tofauti ni kwamba uzito wa mwinuko haubadiliki, ilhali kusita huja na kuondoka.

Taa ya injini ikiwaka, fundi huunganisha mashine ya kupimia kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi na kusoma namba ya hitilafu. Hapa ndipo walaji wengi hupoteza fedha. Namba hiyo hutaja mahali kompyuta ilipoona jambo lisilo la kawaida. Haisemi kifaa gani kimekufa. Namba P0171, kwa mfano, maana yake ni kwamba mafuta ni machache yakilinganishwa na hewa. Chanzo chaweza kuwa kihisi cha hewa kilichochafuka, lakini chaweza pia kuwa mpira wa hewa uliopasuka, pampu dhaifu au chujio la mafuta lililoziba. Kumbadilishia mteja kihisi kwa kusoma namba pekee ni kubahatisha kwa fedha za mtu mwingine.

Tunashauri vianze vitu vya bei ndogo. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara zetu hujaza chujio la hewa upesi, na chujio lililochanika hupitisha vumbi hadi kwenye kihisi. Mipira ya hewa ikaguliwe, soketi za waya zichomolewe na kutazamwa kama zina kutu, plagi zitolewe. Kihisi cha hewa husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza; kisiguswe kwa kitambaa wala brashi, kwa kuwa waya wake ni mwembamba mno. Kihisi cha throtoli cha aina ya zamani hupimwa kwa mita ya umeme: volti hupanda taratibu kutoka karibu 0.5 hadi karibu 4.5 throtoli inapofunguliwa. Zikianguka ghafla katikati, kihisi kimelika.

Kufuta namba ili taa izimike si matengenezo. Vilevile, baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayasomeki kwa vifaa vya bei nafuu, hivyo kauli kwamba “mashine haijaona kitu” si uthibitisho kwamba gari ni zima.

Kabla ya kulipa, mlaji aombe namba zilizosomwa ziandikwe kwenye karatasi, pamoja na kipimo kilichofanywa baada ya kuzisoma. Akibadilishiwa kihisi, adai cha zamani arudishiwe, apewe risiti ya EFD, na muda wa dhamana uandikwe. Kihisi kilichotumika kisiuzwe kwa jina la kipya: Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara. Muuzaji akikataa kurekebisha, lalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC), likiambatanishwa na risiti, karatasi ya namba na, ikiwezekana, kile kihisi cha zamani.