Nyumba Yako na Madeni Yasiyo na Dhamana

DARASA LA WIKI

Soko linaposinzia madeni huamka. Mfanyabiashara aliyekuwa akilipa bila shida miezi ya mauzo mazuri hujikuta anakopa huku ili alipe kule. Kama ana nyumba yake, hachelewi kupata mshauri wa kumwambia: "Una hati ndani halafu unahangaika? Ipeleke benki, uchukue mkopo mmoja, ulipe wote upumue."

Ushauri huo una mvuto na mara nyingine ni sahihi. Darasa la wiki hii linaupima kwa mizani mbili, sheria na hesabu, kwa kutumia mazingira ya Tanzania.

DENI LISILO NA DHAMANA NI LIPI?

Ni deni ambalo mkopeshaji alikuamini bila kuandikisha mali yako yoyote. Mikopo ya simu, mkopo wa mtu binafsi wa mtaani, mali kauli ya duka la jumla na mikopo mingi ya taasisi ndogo imo humo. Kwa kuwa mkopeshaji hana cha kushika, hufidia hatari yake kwa riba kubwa. Kwa maneno mengine, ile riba inayokuumiza ndiyo bei unayolipa ili nyumba yako isihusike. Ukishalielewa hilo, utaona kwamba kuhamishia deni hilo kwenye hati ni biashara: unanunua riba nafuu, na malipo yake ni usalama wa nyumba. Swali ni kama bei hiyo inafaa.

SHERIA INAVYOITAZAMA NYUMBA

Mdai asiye na dhamana hawezi kuja kuuza nyumba yako kwa sababu tu umechelewa kumlipa. Ni lazima aende mahakamani, ashinde kesi, kisha aombe kukaza hukumu. Hata hapo, kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai (Sura ya 33) kinaitoa katika mali zinazoweza kukamatwa nyumba, au sehemu ya nyumba, ambayo mdaiwa anaishi na familia yake. Zingatia maneno "anaishi" na "sehemu". Vyumba ulivyopangisha na fremu za maduka zilizo mbele ya nyumba usizihesabu kuwa chini ya kinga hiyo.

Ukiweka rehani, mambo hubadilika. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na marekebisho yake, ukishindwa kulipa benki hukupa notisi, na siku 60 zikipita inaweza kuuza nyumba bila kwanza kwenda mahakamani. Kinga ya makazi haikusaidii tena, kwa kuwa wewe mwenyewe uliitoa nyumba.

Sheria hiyo inakulinda kwa mambo mawili. Kwanza, rehani ya nyumba ya familia huhitaji ridhaa ya mwenzi wako wa ndoa. Pili, muuzaji ana wajibu wa kutafuta bei nzuri inayowezekana. Bei ikiwa chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria huchukulia kwamba wajibu huo umekiukwa, mpaka mwenye rehani athibitishe vinginevyo. Lakini kinga hizi ni za mtu ambaye tayari yuko kwenye mnada.

TUFANYE HESABU

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa mashuka wa Temeke mwenye nyumba na madeni manne:

Taasisi ya mikopo: Sh. 3,000,000, riba asilimia 3.5 kwa mwezi, sawa na Sh. 105,000.
Mkopeshaji wa mtaani: Sh. 1,000,000, riba asilimia 20 kwa mwezi, sawa na Sh. 200,000.
Mikopo ya simu: Sh. 400,000, gharama asilimia 15 kwa mwezi, sawa na Sh. 60,000.
Mali kauli ya duka la jumla: Sh. 2,000,000, haina riba.

Jumla ya madeni ni Sh. 6,400,000, na riba ya kila mwezi ni Sh. 365,000. Benki iko tayari kumkopesha kiasi chote kwa asilimia 18 kwa mwaka kwa rehani ya nyumba. Riba ya mwezi wa kwanza itakuwa Sh. 96,000. Kushuka kutoka 365,000 hadi 96,000 kunamfanya atafute kalamu asaini.

Asimame kidogo atazame riba inatoka wapi. Mkopeshaji wa mtaani na mikopo ya simu ni Sh. 1,400,000 tu ya deni lote, lakini ndiyo inayokula Sh. 260,000 kati ya zile 365,000. Stoo kwake kuna mashuka yaliyolala, aliyoyanunua kwa Sh. 1,900,000. Akiyatoa kwa bei ya kutupa ya Sh. 1,400,000, atapata hasara ya Sh. 500,000. Hasara hiyo inarudi kwa muda usiofika miezi miwili, kwa sababu ameacha kulipa riba ya Sh. 260,000 kila mwezi.

Sasa amebaki na deni la Sh. 5,000,000 na riba ya Sh. 105,000. Ile ofa ya benki ilikuwa na riba ya Sh. 96,000. Tofauti ni Sh. 9,000 kwa mwezi. Je, wewe ungeweka hati ya nyumba kwa Sh. 9,000?

Tuendelee. Kila mwezi anatenga Sh. 360,000, yaani pungufu kidogo ya riba aliyokuwa akilipa mwanzo. Taasisi anaipa 300,000 na duka la jumla 60,000. Kama riba ya taasisi inakokotolewa kwa deni linalobaki, atamaliza deni la taasisi mwezi wa 13, akiwa amelipa riba ya takriban Sh. 758,000. Kuanzia hapo fedha yote inaelekezwa kwenye mali kauli, na mwezi wa 16 hadaiwi na mtu.

Kwa mkopo wa benki wa miaka mitano angelipa takriban Sh. 162,500 kwa mwezi, nafuu kweli kwa mfuko wa mwezi. Lakini jumla ya riba ingefika takriban Sh. 3,350,000, kabla ya gharama za tathmini na usajili wa rehani, na nyumba ingekaa hatarini kwa miezi 60. Tena angekuwa ameigeuza mali kauli isiyo na riba kuwa deni la riba: Sh. 2,000,000 zile zingemgharimu Sh. 30,000 mwezi wa kwanza tu.

NJIA ZA KUFUATA, KWA MPANGILIO

1. Orodhesha madeni yote, uyapange kwa riba na si kwa ukali wa mdai. Anayepiga simu sana si lazima awe ndiye anayekugharimu sana.

2. Geuza mali iliyolala kuwa fedha. Stoo, samani za ziada, kiwanja ambacho hukijengi. Usiuze kitendea kazi kinachokuingizia kipato.

3. Pangisha. Vyumba viwili vya Sh. 60,000, kodi ya miezi sita mbele, ni Sh. 720,000 bila kugusa hati.

4. Zungumza na wadai kabla hujakwama kabisa. Omba muda mrefu zaidi au msamaha wa adhabu, na makubaliano yaandikwe. Mwenye duka la jumla anakuhitaji uendelee kuuza, hivyo ndiye rahisi kuelewana naye.

5. Kagua uhalali wa mkopeshaji. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, biashara ya kukopesha inahitaji leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Anayekutoza riba ya "kausha damu" bila leseni hana nguvu anayojidai kuwa nayo, nawe unaweza kumlalamikia.

6. Ukipata wito wa mahakama, nenda. Wakati wa kutoa hukumu mahakama inaweza, kwa sababu za kutosha, kuamuru deni lilipwe kwa awamu. Ukingoja hukumu ipite ndipo uombe, kazi huwa ngumu zaidi. Anayepuuza wito hukutana na dalali wa mahakama, na sheria inayo pia nafasi ya kifungo cha madai, ambacho hakifuti deni.

7. Kutangazwa mufilisi ni njia ya mwisho kabisa. Huko mali yako hukusanywa kwa faida ya wadai wote, kwa hiyo usiende bila wakili.

Onyo moja: wapo wakopeshaji wanaokutaka usaini mkataba wa mauziano ya nyumba "kama dhamana tu". Usisaini. Siku ya ugomvi karatasi itasema uliuza.

LINI REHANI INAFAA?

Inafaa pale ambapo umeshauza kilicholala na bado deni la riba kubwa limebaki, kipato chako ni cha uhakika hata miezi ya soko baya, na mwenzi wako anaelewa na kukubali. Hapo kopa kiasi cha kuzima deni la riba kubwa peke yake, kwa muda mfupi unaoumudu, na uulize kama kuna adhabu ya kulipa mapema. Kama kilichokufikisha hapo ni duka linalopata hasara, rehani itakuongezea muda wa kupata hasara, na mwisho wake utakosa duka na nyumba.

ZOEZI LA WIKI

Chukua daftari. Andika kila deni, riba yake kwa shilingi kwa mwezi, na mali gani unayoweza kuiuza mwezi huu. Kisha linganisha riba itakayobaki na ile ya ofa ya benki. Tofauti utakayoipata ndiyo bei unayolipwa kuweka nyumba yako rehani. Mwoneshe mwenzi wako namba hiyo kabla hujamwonesha ofisa mikopo.